Duboisi, tangi la lita 270 na shilingi 1,500,000: kisa cha kamera iliyochaguliwa kuanzia kwenye flashi

Mfugaji wa samaki wa mapambo jijini Dar es Salaam ana tangi la sentimita 120 kwa 45 kwa 50, la lita 270 likijaa. Ndani yake wamo samaki wa Ziwa Tanganyika: kundi la Tropheus duboisi, Cyprichromis leptosoma wanaoelea katikati ya maji, leleupi wa manjano, na koloni la Neolamprologus multifasciatus (multi kwa kifupi) wanaoishi kwenye makombe ya konokono. Anauza vifaranga, na wanunuzi wengi wanaona picha kwanza kabla hawajamwona samaki. Picha anapiga kwa simu. Swali analoulizwa mara kwa mara ni moja: "Huyu samaki ndivyo alivyo kweli?"

Ametenga shilingi 1,500,000 za kununua kamera. Kwenye orodha yake kuna simu mpya ya daraja la juu, kamera ya mtumba ya fremu nzima (yenye sensa kubwa, yaani kile kipande kinachopokea mwanga) bila lenzi, na DSLR ndogo ya mtumba (kamera ya lenzi za kubadilishwa, yenye sensa ndogo zaidi) pamoja na lenzi yake ya kawaida. Moyo wake uko kwenye ile ya fremu nzima, kwa sababu ina megapikseli nyingi.

Kabla ya kugusa orodha hiyo, tuziangalie picha zake za sasa, maana ndizo zinazoeleza nini kimeharibika.

Picha ya kwanza ni ya duboisi mzima akipita mbele ya jiwe. Jiwe limetoka kali, kila chembe inaonekana. Kichwa cha samaki kinatambulika, ila mkia umefutika kama rangi iliyopitishwa kitambaa kabla haijakauka. Hii si kasoro ya fokasi. Fokasi ingekosea, jiwe na samaki wasingepishana hivyo wakiwa karibu karibu, na samaki mwenyewe asingekuwa mkali upande mmoja na kufutika upande wa pili. Ni mwendo wa shata, yaani muda ambao mlango wa kamera unaacha mwanga uingie. Taarifa zilizohifadhiwa ndani ya faili zinathibitisha: 1/30 ya sekunde, ISO 2000 (ISO ni wepesi wa kamera kwa mwanga; ikipanda, chenga zinaongezeka). Duboisi akigeuka, mkia wake unasogea sentimita kadhaa ndani ya muda huo.

Picha ya pili ni ya Cyprichromis. Samaki ana mapezi mawili ya mgongoni, moja hafifu kama kivuli. Hapa simu ilikuwa kwenye hali ya usiku, ambayo hupiga picha kadhaa mfululizo na kuziunganisha. Kwa jengo au meza ni msaada mkubwa. Kwa samaki anayeogelea ni balaa.

Ya tatu ni ya leleupi, na imejaa mistari ya kulala, mmoja mweupe mmoja mweusi. Taa za LED za bei nafuu humetameta mara 100 kwa sekunde kwenye umeme wetu wa hezi 50, na sensa ya simu husoma picha mstari baada ya mstari. Shata ikienda kasi, kila fungu la mistari linaikuta taa katika hali tofauti. Ukishusha hadi 1/100 au 1/50 mistari inapungua, lakini samaki anarudi kufutika. Umetoka shimoni umeingia mtaroni.

Picha zote tatu zina chenga, yaani punjepunje, na zimeelemea bluu.

Kasoro hizi zina mzazi mmoja: mwanga hautoshi. Taa ya tangi machoni petu ni kali sana, hasa chumba kikiwa na giza, lakini kwa kamera ni hafifu. Kwenye tangi la aina hii, kipimo cha katikati ya maji hutoka karibu na 1/60 ya sekunde, tundu la lenzi f/4 (namba ya f ikikua, tundu linakuwa dogo), ISO 1600. Sasa tudai tunachokihitaji. Samaki anayetembea polepole anataka angalau 1/200. Na ili ukali uanzie jichoni ufike ubavuni, tundu linatakiwa kuwa f/8 au dogo zaidi, kwa sababu kwa karibu kiasi hiki kina cha ukali, yaani eneo la mbele hadi nyuma linalotoka kali, ni chembamba mno. Kutoka f/4 kwenda f/8 unapoteza mwanga mara nne. Kutoka 1/60 kwenda 1/200 unapoteza mara tatu na zaidi. ISO inabidi ipande ifike karibu 21,000 kufidia. Hakuna kamera ya bei hiyo itakayokupa magamba ya duboisi kwa ISO 21,000, itakupa uji.

Hapa ndipo wengi wanapotapeliwa na matumaini yao wenyewe. Simu ina lenzi ya f/1.8 na sensa ndogo, hivyo kina chake cha ukali ni kirefu hata tundu likiwa wazi. Kamera kubwa ikitumiwa kwa taa ya tangi peke yake, lazima ufunge tundu upate kina kilekile, na mwanga uliodhani umeununua kwa ukubwa wa sensa unautapika wote. Matokeo yake mtu anatumia milioni na nusu, anapiga picha ya kwanza, anaikuta mbaya kuliko ya simu aliyoiacha mezani. Fremu nzima ndiyo inaongoza kwa hili: ukiijaza picha kwa samaki yuleyule, kina cha ukali ni kifupi zaidi kuliko cha sensa ndogo ya DSLR, kwa hiyo pale ambapo sensa ndogo inataka f/11, yeye anataka f/16.

Kwa hiyo kwenye kisa hiki swali la kamera ipi limekaa vibaya. Swali la kwanza ni flashi itakaa wapi na itawashwaje. La pili ni lenzi inamkaribia samaki kiasi gani. Bodi, yaani kamera bila lenzi, ni la tatu, tena kwa mbali.

Flashi inatatua mambo matatu kwa mpigo. Mwako wake kwenye nguvu ya 1/8 au 1/16 hudumu sehemu ndogo tu ya elfu moja ya sekunde, kwa hiyo mwako wenyewe ndio unaomgandisha samaki, shata inabaki mlango tu. Mwanga wake ni mwingi kiasi cha kutumia f/11 kwa ISO 200, hapo chenga zinakwisha. Na rangi yake inafanana na ya jua la mchana, hivyo ubluu wa taa ya tangi hauna tena nafasi.

Lakini si flashi iliyo juu ya kamera. Hiyo inapiga kioo cha mbele na kurudi kwenye lenzi kama doa jeupe, na hata ukiikwepesha, magamba yanayotazama kamera yanarudisha mwanga moja kwa moja na samaki anatoka kama karatasi ya fedha. Ziwani jua linatoka juu. Flashi nayo inakaa juu ya tangi, ikitazama chini. Kwa hiyo bodi yoyote utakayonunua ni lazima iweze kuwasha flashi isiyoshikana nayo.

Hapo kuna mtego unaostahili kuelezwa taratibu. Juu ya kamera kuna kiatu cha flashi, kile kibanzi cha chuma chenye reli mbili. Katikati yake pawe na kitufe kidogo cha duara cha shaba au chuma: hiyo ndiyo pini inayotoa amri ya kuwaka kwa flashi na triga (kifaa cha kuwasha flashi kwa mbali) yoyote ya kawaida. Canon iliiondoa kwenye baadhi ya kamera zake za bei nafuu, zikiwemo 4000D ya 2018 na 250D ya 2019. Kiatu kipo, vitufe vidogo vya pembeni vipo, cha katikati hakipo. Ukichomeka flashi ya mkono, ile unayoipangia nguvu mwenyewe, ya kampuni nyingine haiwaki kabisa, na muuzaji atakuapia kwamba flashi ndiyo mbovu. Zipo triga za kisasa zinazopita njia ya vitufe vya pembeni, lakini mwenye bajeti ya kubana asianze safari kwa kuzunguka. Inamisha kamera kwenye mwanga, tazama kiatu. Sekunde tano.

Tuje kwenye lenzi. Kila mtu atamwambia mfugaji anunue lenzi ya makro, ile ya kukuza vitu vidogo kwa karibu. Tupige hesabu kwanza. Sensa ya DSLR ndogo ya Nikon ina upana wa milimita 23.5. Duboisi wa sentimita 10 akae theluthi mbili ya upana wa picha, maana yake picha nzima inafunika sentimita 15. Gawa 23.5 kwa 150, unapata ukuzaji wa 0.16. Lenzi ya kawaida ya 18–55 inayokuja na kamera hufika karibu 0.3. Ina akiba mara mbili! Hata multi wa sentimita 3.5: kwa ukuzaji wa 0.3 picha inafunika karibu sentimita 7.8, samaki anachukua chini kidogo ya nusu ya upana, na kwenye picha ya megapikseli 24 yenye pikseli 6,000 kwa upana hiyo ni zaidi ya pikseli 2,600 za samaki peke yake. Tangazo la kwenye simu halihitaji hata nusu yake. Makro ni nzuri, na anayetaka jicho la multi lijaze fremu hana njia nyingine, lakini mfugaji huyu anauza samaki mzima, hauzi jicho.

Kuna hoja nyingine ya kuiahirisha. Lenzi ya makro ya Nikon ya milimita 40 ni nafuu na inapatikana, ila ikifika ukuzaji wake wa mwisho inabaki na sentimita chache tu mbele ya kioo chake, na sentimita moja kati ya hizo inaliwa na kioo cha tangi chenyewe. Samaki lazima aje abusu kioo. Ya milimita 100 inampa nafasi, lakini bei yake inakula flashi zote mbili.

Bodi sasa. Iliyochaguliwa ni Nikon D5300 ya mtumba, ya mwaka 2013, megapikseli 24, yenye pini ya katikati, inayoshirikiana na flashi hadi 1/200 ya sekunde, na skrini inayofunguka pembeni. Nikon za familia ya D3300 zingefaa karibu sawasawa, skrini yake tu haifunguki. Sony a6000 ilikuwa mshindani wa kweli: nyepesi, megapikseli 24 pia, skrini inainuka. Iliachwa kwa sababu mbili ndogo. Kikomo chake cha flashi ni 1/160, na lenzi yake ya kawaida ya 16–50 haimkuzi samaki kama ya Nikon. Anayeikuta kwa bei nzuri aichukue bila wasiwasi. Akumbuke tu kuzima ile mipangilio inayoonyesha kwenye skrini mwanga wa picha itakavyokuwa, la sivyo kwa f/11 na ISO 200 skrini itakuwa nyeusi tii na ataidhania imekufa.

Mgawanyo wa fedha ulitoka hivi: D5300 na lenzi ya 18–55, shilingi 800,000. Flashi mbili za mkono aina ya Godox TT600, 380,000. Triga ya redio ya toleo la Nikon, 150,000. Betri nane za kuchaji za AA na chaja yake, 90,000. Kadi ya kumbukumbu 30,000. Kitambaa cheusi, karatasi nyeupe ngumu na gundi ya karatasi, 20,000. Jumla 1,470,000. Ukiwa na mfuko mwepesi zaidi, triga na flashi ya pili zinaweza kusubiri: TT600 ina hali ya S1, inayoifanya iwake ikiona mwako wa flashi nyingine, na D5300 ina flashi yake ndogo inayochomoza. Iweke hiyo ndogo kwenye hali ya mkono, nguvu ya chini kabisa, uizibe mbele kwa kipande cha karatasi ili mwanga wake uende darini badala ya kioo. Inafanya kazi vizuri, ila chumba kikiwa na kona nyingi wakati mwingine inakosa.

Ukaguzi wa mtumba ulifanyika dukani kwa dakika ishirini, na sehemu iliyochukua muda ni lenzi. Pwani ina unyevu, na lenzi zilizolala kabatini huota ukungu ndani: nyuzi nyembamba kama utando wa buibui au ramani ya mito. Fungua tundu, elekeza tochi ya simu kutokea nyuma ya lenzi, tazama kutoka mbele kwa pembe. Lenzi ya kwanza aliyopewa ilikuwa nao ukingoni. Ilirudishwa. Hata ukungu mdogo haukubaliki, kwa sababu unaendelea kukua na unapunguza ukali dhidi ya mwanga. Ya pili ilikuwa safi, yenye alama AF-S. Zipo pia za AF-P. Hizo kwenye D5300 zinataka programu ya ndani ya kamera iwe imesasishwa, na muuzaji hajui kama imesasishwa au la.

Mengine ni ya haraka. Piga ukuta mweupe kwa f/16 uone madoa ya vumbi kwenye sensa. Soma idadi ya mipigo ya shata kwenye faili ya picha kwa programu ya kompyuta. Shata ya D5300 ilipimwa na Nikon kwa mipigo 100,000, na iliyonunuliwa ilikuwa chini ya theluthi moja ya hapo. Betri isiwe imevimba. Chomeka triga, washa flashi mbele ya muuzaji.

Nyumbani, maandalizi ya tangi yanaanza siku moja kabla. Badilisha maji asilimia 25 hadi 30 leo, upige picha kesho. Ukibadilisha asubuhi ileile vipovu vidogo vitang'ang'ania kioo na mapezi. Usilishe saa 24 kabla: tumbo lililojaa na nyuzi za kinyesi hazifichiki kwa flashi. Kwangua mwani kioo cha ndani, kisha acha vumbi litulie. Maji ya Tanganyika ni magumu, yana pH ya juu, hivyo matone yaliyokauka huacha duara jeupe la chokaa kwenye kioo cha mfuniko. Futa kwa siki mbali na tangi, suuza, kausha. Mwanga utapita hapo. Mfuniko mchafu unapunguza nguvu ya flashi na kuweka mabaka.

Flashi ya kwanza inalala juu ya kioo cha mfuniko, au juu ya ubao uliokingama tangi, robo ya mbele, ikitazama chini na kuinamia nyuma kidogo. Chini yake kuna karatasi nyeupe iliyoinuliwa sentimita 5 kusambaza mwanga. Ya pili iko robo ya nyuma, nguvu yake hatua moja chini ya ile ya kwanza, yaani nusu yake. Zifunge kwa kamba kwenye ubao. Ndani ya flashi kuna kapasita yenye mamia ya volti hata ikiwa imezimwa. Isikae juu ya maji yaliyo wazi hata kwa picha moja, na kama mvuke unapanda, iweke kwenye mfuko wa nailoni unaopitisha mwanga na upumzike kila baada ya mipigo thelathini ili isichemke.

Mipangilio ya kuanzia: kamera kwenye M (unapanga kila kitu mwenyewe), 1/200, f/11, ISO 200, mizani ya rangi kwenye alama ya flashi, faili za RAW (ghafi, kabla kamera haijazichakata). Flashi ya mbele kwenye 1/8, ya nyuma 1/16. Taa ya tangi ibaki imewaka, kwa kuwa fokasi inaihitaji. Kisha piga picha moja flashi zikiwa zimezimwa. Lazima itoke nyeusi kabisa. Kutoka kipimo cha taa ya tangi tulichoanza nacho, mipangilio hii inapunguza mwanga kwa karibu mara 200, kwa hiyo ukiona umbo la samaki kwenye picha hiyo ya giza, kuna dirisha lililo wazi mahali au namba moja umeikosea.

Taa za chumba zizimwe, pazia lishushwe. Mpigaji avae nguo nyeusi. Shati jeupe linajitokeza kwenye kioo kama mzimu. Kitambaa cheusi chenye tundu la lenzi kinaning'inizwa mbele ya kamera, kwa sababu kwa milimita 55 na samaki wa sentimita 10 aliye sentimita 15 ndani ya maji, kamera inasimama sentimita 25 hadi 30 kutoka kwenye kioo, na nafasi hiyo yote ni mlango wa uakisi. Kwa multi walio karibu na kioo unasogea zaidi, kitambaa kinagusa kioo.

Na simama mraba na kioo. Hili ndilo kosa linaloua picha nyingi kuliko kamera mbovu. Mwanga ukitoka majini kwenda hewani unapinda. Ukiupokea kwa pembe unapinda kwa viwango tofauti vya rangi, na ukingo wa samaki unapata kivuli cha bluu upande mmoja na chekundu upande wa pili, huku ukali ukipotea hata fokasi ikiwa sahihi. Usimfuate samaki kwa kugeuza kamera kama mlinzi anayemulika tochi. Hamisha mwili mzima, au msubiri aje mbele yako.

Kikao cha kwanza kilitoa picha 140, na nyingi zilifaa kufutwa. Zinafundisha.

Takribani thelathini za mwanzo zilikuwa na ukanda mweusi upande mmoja. Shata ilikuwa 1/320. Flashi ya kampuni ya Nikon ingeilazimisha kamera irudi 1/200 yenyewe; triga iliyotumika haikufanya hivyo, na mwako ukalikuta pazia la shata nusu limefunga. Kurudisha 1/200 kuliondoa ukanda wote.

Zilizofuata zilikuwa na nyota. Chembe nyeupe kila mahali, kama mvua ya unga. Filta ilisafishwa asubuhi ile na takataka zake zilikuwa bado zinaelea. Jicho halizioni, flashi ya juu inazimulika moja moja. Dawa yake si programu ya kuhariri. Filta isisafishwe kwa siku tatu kabla, na pampu izimwe dakika 15 hadi 20 kabla ya kupiga, isizidi nusu saa, kisha iwashwe tena mara moja: bakteria wa filta wanaishi kwa oksijeni, na hao ndio tangi zima. Kuzima pampu kuliondoa pia mistari ya mwanga iliyokuwa ikicheza kwenye migongo ya samaki, ambayo ilitoka kwenye mawimbi ya uso wa maji.

Kasoro ya tatu ilikuwa tumbo na jicho kuwa gizani wakati mgongo unang'aa. Mwanga wa juu peke yake ndivyo ulivyo, na mchanga wa tangi hili ni wa kijivu, haurudishi kitu. Flashi ya pili ilitolewa nyuma ikahamia mbele pembeni, nje ya tangi, nyuzi 45 kutoka kwenye kioo, ikipitia karatasi nyeupe, nguvu 1/32. Kwa pembe hiyo uakisi wake unakwenda upande wa pili wa chumba, hauingii kwenye lenzi. Jicho likapata nukta yake ya mwanga, na samaki akawa hai.

Sasa duboisi mwenyewe, ambaye ni mtihani wa peke yake. Mwili wake ni mweusi, kichwa kina mng'ao wa bluu, na katikati kuna mkanda mweupe au wa manjano kutegemea alikotoka ziwani. Ukipima mwanga kwa kutazama mwili, mkanda unaungua na kuwa kipande cha karatasi tupu. Punguza nguvu ya flashi hadi mkanda uonyeshe mipaka ya magamba kwenye skrini, halafu uinue weusi kidogo wakati wa kuhariri RAW. D5300 inavumilia hilo kwa ISO 200. Kwa leleupi tatizo ni la rangi moja: chati ya mwanga (histogramu) kwa jumla inaonekana salama, wakati nyekundu peke yake imeshagonga ukuta wa kulia, na manjano inatoka bapa kama plastiki. Fungua chati ya rangi tatu, shusha theluthi mbili ya hatua.

Cyprichromis wanahitaji subira zaidi ya vifaa. Fokasi iwe ya kufuatilia, nukta moja ya katikati, kupitia tundu la kutazamia. Fokasi ya D5300 kwenye skrini ni ya kobe. Skrini inayofunguka inafaa kwa multi: kamera inakaa chini usawa wa mchanga, fokasi inawekwa kwa mkono kwenye mdomo wa kombe, na unamngoja mwenye nyumba atoke. Kwa f/11 kina cha ukali kwa samaki wa sentimita 10 ni kama sentimita moja na kitu. Kwa multi kwa ukuzaji wa 0.3 ni milimita chache. Samaki awe ubavu kwako, la sivyo jicho litakuwa kali na mkia hautakuwepo.

Mfugaji aliuliza kuhusu tangi dogo la picha, lile la sentimita 40 kwa 20 kwa 25 lenye kioo cha kumbana samaki kwenye nafasi ya sentimita 6 au 7. Kwa leleupi na samaki wengine watulivu ni njia nzuri, ukitumia maji yaleyale ya tangi kubwa na ukamwacha samaki nusu saa rangi zirudi, maana akitoka kwenye wavu anapauka. Kwa Tropheus, hapana. Samaki hawa wakisumbuliwa wanaugua tumbo kwa urahisi, na aliyetolewa kundini akirudishwa anaweza kupokelewa kwa kipigo. Picha ya duboisi ipigwe alipo.

Kuhariri kulichukua dakika mbili kwa picha: kusogeza rangi kidogo kuelekea zambarau kuondoa ukijani wa kioo kinene, kuinua weusi, kukata. Kitelezi cha kukoleza rangi kilibaki sifuri. Mnunuzi anayetumiwa leleupi wa rangi ya chungwa kwenye picha na kupokea wa manjano kwenye mfuko anarudi kwenye lile swali la mwanzo, safari hii akiwa na hasira.

Simu haikuuzwa. Video za multi wakichimba mchanga bado anazichukua kwa simu hiyohiyo, shata kwenye 1/50, taa ya pili ya LED ikiwa imeongezwa juu ya mfuniko. Kamera na lenzi zinalala kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko wa kubana na pakiti za silika, mita tatu mbali na tangi, na pakiti hizo zinakaushwa kwenye oveni zinapobadilika rangi.